Usimwambie Aache Leo

Rafiki akilewa mpaka akadondoka mlangoni, kila mtu ana la kumwambia: acha pombe. Akijifungia ndani siku tatu, mapazia hayafunguliwi, simu inaita haipokelewi, watu walewale wana neno jingine tayari: jikaze. Neno la pili linaumiza na halisaidii kitu. La kwanza, kwa mtu anayekunywa sana na kila siku, linaweza kumuua kabla wiki haijaisha, endapo atalitii.

Wengi hawaliamini hili hadi waelezwe linavyotokea. Pombe hupoza ubongo. Ubongo ukipozwa kila siku kwa miezi na miaka, hujizoeza kujichochea kupita kiasi ili usizidiwe, kama mtu aliyezoea kuongea kwa kupaza sauti kwa sababu redio ya jirani haizimwi. Siku redio ikizimwa ghafla, yeye bado anapiga kelele. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linamtoka, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio, wasiwasi hauna sababu. Kati ya saa ya 6 na ya 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne inaweza kuja hatua mbaya kuliko zote, ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi: homa, kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kuongea na watu ambao hawapo, kutojua yuko wapi wala ni siku gani. Isipotibiwa, huua. Waraibu wana neno lao la hali ya kukosa kilevi, arosto, na wengi wanaokunywa asubuhi na mapema hawatafuti starehe yoyote. Wanazimua ili mikono iwatii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya rafiki ni kujua jamaa anakunywa kiasi gani. Hapa ndipo watu hukosea kwa kuhesabu chupa, maana "chupa mbili tatu" haikuambii kitu. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kileo iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Jibu ni gramu za kileo chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40, kile kinachoingia mfukoni, ni gramu 80, sawa na bia nne za namna hiyo. Chupa nzima ya mililita 750 ni gramu 240. Miongozo ya tiba ya Uingereza husema kwamba mtu anayepita gramu 120 hivi kwa siku afikiriwe kuacha chini ya usimamizi wa mhudumu wa afya, na anayepita 240 afikiriwe kulazwa. Pombe iliyopikwa nyumbani haipigiki hesabu kwa sababu hakuna ajuaye nguvu yake. Ichukulie kuwa kali. Na mtu akianza kuona ukungu machoni saa kadhaa baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, usiiite hang'ova. Huenda ni sumu ya methanoli, na hiyo ni safari ya hospitali muda uleule.

Zaidi ya kiasi, muulize kama aliwahi kuanguka kifafa alipokosa pombe, kama aliwahi kuona visivyokuwepo, na mara ngapi ameshajaribu kuacha ghafla. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: kila kuacha kwa ghafla huufanya ubongo uwe mwepesi zaidi wa kulipuka safari inayofuata. Aliyeacha mwaka juzi akatetemeka tu anaweza kuanguka kifafa mwaka huu kwa kiasi kilekile.

Ukipata nafasi ya kukaa naye asubuhi, angalia kikombe. Mtu aliyefika mbali hashiki kikombe kwa mkono mmoja. Anakikumbatia kwa viganja vyote viwili, anainamisha kichwa kukifuata badala ya kukiinua, au anaomba kijazwe nusu. Mwombe anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka, na uone kama vinacheza. Akinywa kidogo na baada ya muda mfupi mikono ikatulia, umeshapata jibu lako. Huyo asiambiwe aache leo. Huyo apelekwe kwa daktari akiwa bado anakunywa, na kuacha kuanzie huko.

Mkifika, sema mambo waziwazi kwa niaba yake, maana yeye atapunguza hesabu kwa aibu. Anakunywa gramu kadhaa kwa siku, alikunywa mara ya mwisho saa fulani, hajala vizuri tangu siku fulani, aliwahi au hakuwahi kuanguka kifafa, anatumia dawa hizi. Kuhusu chakula usikae kimya. Mnywaji wa muda mrefu huishiwa vitamini B1, na akitundikiwa dripu ya sukari bila kupewa vitamini hiyo kabla au pamoja nayo, ubongo unaweza kuharibika kabisa: anachanganyikiwa, macho yanachezacheza, anayumba kama aliyelewa ilhali hajanywa, na baadaye kumbukumbu haishiki kitu kipya. Kwa waliodhoofika B1 huanza kutolewa kwa sindano kwa sababu utumbo wao haunyonyi vidonge vizuri. Hakuna ubaya ndugu au rafiki kumwuliza muuguzi, kwa adabu: "Samahani dada, ameshapata vitamini B1?"

Tiba ya kuacha yenyewe kwa kawaida ni dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu au klodiazepoksaidi, zinazoanza kwa kiwango cha juu na kushushwa kila siku mpaka ziishe, siku 5 hadi 7. Akiruhusiwa kuzitumia nyumbani, asikae na pakiti. Kaa nayo wewe, mpe za siku hiyo tu, na akinywa pombe juu yake usimpe nyingine kabla ya kumpigia mhudumu wake, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana vinaweza kusimamisha pumzi. Usiku wa pili na wa tatu asilale peke yake. Mwanga mdogo uwe unawaka, maji yawe karibu, na ubishi usiwepo. Akianza kuchanganyikiwa, akipata homa, akitapika kila anachokunywa au akianguka kifafa, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali. Akiwa kwenye degedege usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ondoa vitu vigumu karibu, hesabu dakika, na ikitulia mlaze kiubavu.

Na palipo mbali na daktari? Kupunguza polepole ni salama kuliko kukata. Kwanza aandike kwa wiki moja kila anachokunywa, bila kubadilisha kitu. Kisha apunguze sehemu ya kumi ya kiasi hicho kila siku nne. Jasho na mtetemeko vikirudi, maana yake anakwenda mbio, basi akae palepale mpaka vitulie. Njia hii haimfai aliyewahi kuanguka kifafa, mjamzito, wala mwenye ugonjwa mkubwa wa ini au moyo. Hao safari ya hospitali haina mbadala.

Sasa huzuni. Sonona, au unyogovu kama wengine waitavyo, na pombe hulishana kiasi kwamba ni vigumu kujua ipi mama na ipi mtoto. Mtu hunywa ili usingizi uje, na usingizi unakuja kweli, ila pombe inapoisha mwilini usiku wa manane humwamsha, akalala macho mpaka kuche. Wiki kadhaa za usingizi wa namna hiyo zinatosha kumvunja hata asiyekuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo sababu madaktari wengi husubiri kabla ya kuamua. Kwa watu wengi huzuni iliyoletwa na pombe hupungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4 bila kunywa. Ikibaki baada ya hapo, au kama ilikuwepo kabla pombe haijaanza kutawala, hiyo ni sonona inayosimama yenyewe na itibiwe kivyake. Kuna dodoso la maswali 9 linaloitwa PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 kwenda juu ni dalili kwamba mtu wa afya aangalie kwa makini. Mwaweza kulijaza pamoja na kwenda nalo kliniki. Linaokoa maelezo mengi.

Kitu kimoja hakisubiri wiki hizo, nacho ni swali la kifo. Muulize kwa jina lake. Siyo "usije ukafanya jambo la kijinga", maana hapo umemfunga mdomo. Siyo "huwazi mabaya, eti?", maana unamwomba akukatalie. Sema: "Ndugu yangu, watu wakifika ulipofika wewe, wengine huwaza kujiua. Wewe umewaza?" Kisha nyamaza. Kumwuliza mtu hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa wengi ni mara ya kwanza wanaweza kulitoa kifuani. Akisema ndiyo, endelea kwa sauti ileile: umefikiria kwa njia gani? Kitu hicho unacho? Umepanga lini? Kadiri majibu yanavyokuwa na njia, kifaa na siku, ndivyo hatari ilivyo karibu, na mwenye vyote vitatu haachwi peke yake hata kwenda chooni bila mtu wa nje ya mlango, mpaka akabidhiwe kwa mhudumu wa afya.

Halafu toa vitu hivyo nyumbani. Dawa za kuulia wadudu, akiba ya vidonge, silaha, kamba, funguo za gari au pikipiki. Watu hudharau hatua hii wakisema anayetaka kufa atapata njia. Si kweli kwa kiasi wanachodhani. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na pombe huondoa breki zilizobaki; umbali wa kutembea kukitafuta kifaa umewaokoa watu wengi. Pia usimwahidi siri. Ukishasema "sitamwambia mtu", umejifunga mikono kabla hujajua unachokwenda kusikia. Mwambie mapema kwamba mengine yote yatabaki kwako, ila hili la uhai mtalibeba na mtu wa tatu.

Mazungumzo ya kawaida kuhusu pombe yana wakati wake, na wakati huo si usiku akiwa amelewa. Atalia, ataahidi, atakukumbatia, na kesho hatakumbuka hata sentensi moja. Nenda mchana, akiwa ametulia, ninyi wawili tu. Anza na ulichokiona kwa macho, bila hukumu: "Ijumaa nilikukuta kwenye ngazi saa nne asubuhi, hukunitambua. Niliogopa." Kisha uliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. William Miller na Stephen Rollnick, walioijenga njia iitwayo usaili wa kuhamasisha, walishikilia kwamba mtu hubadilishwa zaidi na sababu zinazotoka kinywani mwake kuliko zile anazotajiwa. Chombo kimoja cha njia hiyo kinamfaa hata asiye na mafunzo. Mwulize: "Kati ya sifuri na kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako?" Akisema nne, usimwulize kwa nini si tisa, kwa sababu ataanza kujitetea. Mwulize kwa nini nne na si moja. Hapo atakutajia mwanawe, kazi, tumbo linalomuuma, na wewe kazi yako ni kuyarudia maneno yake taratibu ili ayasikie.

Kuna mambo ambayo marafiki wema hufanya na yanarefusha ugonjwa. Kumpigia bosi simu kusema anaharisha, kulipa deni la baa, kumfulia matapishi kabla hajaamka ili asione aibu. Yote yanampunguzia gharama ya kunywa. Upande wa pili kuna wanaomsusa kabisa, wakiamini lazima afike chini kabisa ndipo ainuke. Hili la "afike chini" mimi silikubali hata kidogo. Chini kwa mtu mwenye sonona ni kaburini. Katikati yake kuna kanuni rahisi kusema, ngumu kushika: uwe naye kwa wingi akiwa hajanywa, uondoke bila ugomvi akiwa amekunywa. "Naona leo umekunywa. Nitakuja kesho saa sita, tutembee." Na kesho saa sita uwe pale kweli, kwa sababu ukikosa umemfundisha kwamba maneno yako na ya pombe yana thamani moja.

Akikubali tiba, mjue kwamba kuna dawa za kumsaidia asirudi, na ajabu ni kwamba wagonjwa wengi hawatajiwi kabisa. Naltreksoni, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, hupunguza raha ya kunywa na hamu yake. Asipewe anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Akamprosate hutumiwa mara tatu kwa siku na huwafaa zaidi walioacha tayari, lakini figo zipimwe kwanza. Disulfiramu ni ile inayomfanya mtu aumwe akinywa: uso unawaka, kutapika, kichwa kupasuka, presha kushuka. Haianzwi kabla ya saa 12 kupita tangu kinywaji cha mwisho, na akinywa pombe anaweza kuumwa hivyo hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Wapo wanaoisaga na kuitia kwenye chakula cha mume au ndugu bila yeye kujua. Hilo si tiba. Akinywa sana bila kujua anaweza kufa mezani, na akinusurika hatakula tena chakula cha mkono wako.

Dawa za sonona zina tabia yake pia. Huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonyesha kitu, wakati mwingine 6 hadi 8, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Mwanzoni nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujachangamka, na muda huo rafiki awe macho zaidi na wazo la kujiua, si kulegea kwa kuwa "siku hizi anaonekana anaamka". Akipona aendelee nazo angalau miezi 6, na asizikate mwenyewe. Kama dawa yake ni amitriptilini, akiba yake isikae ndani kwa wingi. Ni hatari ikizidishwa, na zaidi ikichanganywa na pombe.

Siku zenyewe za bila pombe ni za kuchosha kuliko za kutisha. Hamu huja kama wimbi na mara nyingi haizidi nusu saa kama mtu hajailisha, kwa hiyo mpango uwe wa nusu saa hiyo tu: kutoka nje, kuoga, kumpigia mtu mmoja waliyekubaliana naye. Mfundishe kujiuliza kila wimbi linapoanza kama ana njaa, hasira, upweke au uchovu, maana mara nyingi mojawapo ipo na ina dawa yake. Jioni ya kwanza ya mshahara iwe na ratiba iliyopangwa siku mbili kabla, dakika kwa dakika ikibidi. Usingizi utasumbua kwa wiki nyingi, wengine miezi. Mwambie mapema, kwa sababu anayedhani usingizi ungerudi wiki ya kwanza ndiye anayenunua kichupa wiki ya tatu.

Na akiteleza? Glasi moja haivunji kila kitu. Kinachomaliza watu ni wazo la "nimeshaharibu, acha nimalizie". Mpokee siku hiyohiyo, muulize kilichotokea saa moja kabla ya kile kinywaji, mrudi kwenye mpango. Ila mkumbushe kwamba mwili uliopumzika haubebi tena kiasi cha zamani. Ukimkuta haamki kwa kutikiswa na kuitwa, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika au pumzi zinapishana kwa sekunde 10 na zaidi, ngozi ni baridi na midomo imebadilika rangi, usimwache "alale iishe". Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amezimia. Mlaze kiubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinama nyuma kidogo ili matapishi yatoke, ita msaada, ukae hapo. Kahawa na maji ya baridi havimtoi pombe mwilini. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, takribani gramu 10 kwa saa. Mpapase kichwa pia. Walevi huanguka, na damu inayovuja ndani ya fuvu inafanana sana na ulevi.

Mtu mmoja hawezi kazi hii peke yake. Tafuteni wawili au watatu, mgawane usiku, na aliyechoka aseme amechoka bila kuonekana msaliti. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ni vya wanywaji wanaosaidiana kuacha. Al-Anon, iliyoanzishwa 1951, ni kwa ajili ya wanaoishi na kumpenda mnywaji, na huko hakuna atakayekuuliza kwa nini umekuja.

Simu nyingi humiminika wiki ya kwanza, kisha zinakauka, wakati yeye ndiyo kwanza ameanza kukaa na maisha yake bila ganzi. Weka kengele kwenye simu yako: siku ya 21, ya 45, ya 90. Ikilia, piga. Usianze na "hujanywa, eti?". Muulize amelalaje.